Mikono Iliyoishika Ngao

Baba Neema, mume wangu,

Masika yameanza hapa Kibaoni, na kila barabara inapogeuka tope namkumbuka Athumani na lile gari lake la wagonjwa. Watoto hawakijui vizuri kisa chake. Neema alikuwa mdogo, Gaudensi alikuwa hajazaliwa. Wewe ndiye ungekisimulia vizuri, lakini kwa kuwa hupo, acha nikusimulie mimi, na mahali nitakapokosea utanisahihisha tutakapoonana.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ulikuwa umeacha kazi kule kwenye kiwanda cha sukari ukafungua karakana yako nyuma ya nyumba. Kazi zilikuwa mageti, majembe ya trekta na fremu za baiskeli zilizokatika. Mchana mmoja tukaona gari la wagonjwa linaletwa likivutwa na trekta, Athumani kakaa kwenye usukani kama mtu anayekwenda msibani. Wewe ulikuwa unakula. Uliacha wali ukatoka hivyo hivyo, mkono una mchuzi.

Athumani alitueleza yaliyompata. Alikuwa anatoka upande wa Chita, nyuma amembeba mwalimu aliyevunjika mguu. Sheshe akaruka kutoka kwenye majani, naye akamgonga. Sheshe ni swala wetu tu wa bondeni, si nyati wala kiboko. Na gari lilikuwa na ngao mbele, mabomba manene ya chuma ambayo kila mtu aliyaona akasema hapo hakipiti kitu. Lakini ngao ililala kinyumenyume kama mlango uliong'oka bawaba, ikatoboa rejeta, maji yakamwagika yote. Mwalimu wa watu alikaa juani na mguu wake mpaka trekta lilipopita.

"Fundi, nitengenezee ngao nene kuliko hii," Athumani alisema. "Hii ni bati."

Uliingia chini ya gari, ukakaa humo mpaka chakula chako kikapoa. Ulipotoka ulikuwa umetulia kabisa.

"Ngao ni nzima," ulisema. "Haina hata mkunjo. Kilichoiangusha ni mikono inayoishika."

Ukatuonyesha. Kila upande ngao ilishikwa na kipande chembamba cha bamba, kimefungwa kwenye ncha ya chasisi kwa bolti za juu peke yake. Vipande vilikuwa vimejikunja kama sahani ya bati iliyokanyagwa. "Nikikuwekea ngao nene juu ya mikono hii, nakuongezea uzito tu. Itakulalia mapema zaidi."

Jioni ile nilikuwa napepeta mchele uani, nawe unachora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Ulichora, ukafuta kwa kiganja, ukachora tena. Mwisho ukasema utaichomelea ngao moja kwa moja kwenye chasisi, yaishe.

"Na ikipinda huko Mngeta ataifungua nani?" nilikuuliza. "Halafu si wewe uliyeniambia moto wa kuchomelea huidhoofisha chasisi?"

Mimi nikaendelea kupepeta, lakini macho yangu yalikuwa kwenye baiskeli yako iliyoegemea ukutani. Nikakwambia, "Keria ya baiskeli isingekuwa na zile fito mbili zinazoshuka mpaka kwenye ekseli, gunia la mpunga lingeilaza siku ya kwanza. Hiyo ngao nayo imeshikwa juu tu. Chini haina wa kuisaidia."

Uligeuka ukaitazama baiskeli, kisha ukanitazama mimi.

"Mama Neema, sogea hapa," ulisema, ukaninyooshea chaki.

Umeninunulia khanga nyingi katika maisha yetu, mume wangu, na zote nilizipenda. Lakini sijui kama kuna siku nilijiona mkeo kama jioni ile, nimepiga magoti kwenye vumbi la chuma, naonyesha kwa chaki fito ipite wapi.

Ukaifanya kazi bila haraka. Ulikata bamba nene, ukalikunja liikumbatie chasisi pande zote mbili na kwenda nyuma zaidi ya pale mwanzo. Kila tundu la bolti ulilichomekea kipande kifupi cha bomba ndani ya chasisi, ili nati ikikazwa isiibonyeze. Kutoka chini ukapandisha fito mbili za kuizuia ngao isilale. Hukuchomelea chochote kwenye chasisi, yote yalifungwa kwa bolti. Na ukaisogeza ngao mbele kidogo, iwe na nafasi ya kurudi kabla haijaifikia rejeta. Athumani aliishika kwa mikono yote miwili akaitikisa.

"Fundi, mbona linatikisika gari zima?"

"Ndivyo ninavyotaka," ulimjibu.

Basi yakapita. Masika yaliyofuata nikawa na mimba ya Gaudensi, nikaenda kwa mama Chita kujifungulia huko, wewe ukabaki na Neema. Uchungu ulinianza kabla sijautegemea. Mkunga alinipapasa tumbo, akamvuta mama pembeni, na nilipoona mama anatafuta mtandio wake nikajua hali si nzuri. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ilibidi nifike hospitali Ifakara. Treni ilikuwa imeshapita. Gari la Athumani ndilo lililokuwepo, limeleta chanjo. Tukaondoka alfajiri kunapambazuka, mimi nimelala nyuma, kichwa changu kwenye mapaja ya mama.

Athumani aliendesha taratibu kwa ajili yangu. Kila shimo alisema, "Pole, shemeji." Tulikuwa tumefika mahali ambapo matete yameifunika barabara pande zote mbili niliposikia anataja jina la Mungu, kisha kishindo. Nilisukumwa mbele, mama akanikumbatia tusianguke. Gari likasimama.

Alikuwa nyati. Mama alimwona dirishani, kaangukia magoti kando ya barabara, anajaribu kuinuka. Wewe unajua nyati aliyejeruhiwa alivyo. Mama akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu, maji. Nilikuwa nangoja kusikia maji ya rejeta yanavyomwagika, kama Athumani alivyotusimulia, na nikawaza kwamba nitazalia hapa, kwenye matete, na nyati yule yuko nje.

Sikusikia maji. Nilisikia Athumani anatia gia, na gari likaondoka.

Alikwenda mpaka kwenye nyumba za kwanza ndipo akashuka kutazama. Aliporudi alikuja moja kwa moja mlango wa nyuma, akaufungua.

"Taa moja imekwenda," alisema. "Ngao imerudi kidogo, lakini imesimama. Shemeji, mumeo ameishika."

Nililia hapo, Baba Neema. Mama alidhani ni uchungu.

Walinifanyia upasuaji mchana ule. Nilipozinduka, Athumani alikuwa ameshakuletea habari, nawe ulikuwa umekaa kando ya kitanda, umemshika Gaudensi kama mtu aliyeshika chungu kibichi, na kwenye goti la suruali yako kulikuwa na tope. Nikajua. Nilikuwa dhaifu, lakini nilikuuliza, "Ulianzia wapi, kwangu au chini ya gari?"

"Kwako," ulisema. "Ukawa umelala. Nikaenda kwenye gari, nikarudi."

"Na umeona nini?"

"Bolti moja imepinda. Fito zako hazikusogea."

Ulisema "zako" mbele ya nesi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Baada ya hapo magari yalikuja mengi, ya mashamba, ya miradi, ya wafanyabiashara wa mpunga, kila mmoja anataka mikono kama ya Athumani. Uliwafungia. Mtoto tulimbatiza Gaudensi, lakini mtaa mzima ulimwita Nyati, na mpaka leo kuna watu wazima hapa wasiolijua jina lake la kanisani.

Nakuandikia haya si kwa kuwa nina huzuni. Nilikuwa nayo ulipoondoka, tena nyingi, na bado hunijia nikipika chakula kingi kwa kusahau. Lakini nimezeeka vizuri. Nalala usingizi, miguu inanifikisha sokoni, na majirani wakipita wananiamkia "shikamoo" na kukaa kidogo.

Jumapili baada ya misa Neema alikuja kutoka Morogoro na gari, amenitayarishia chumba kwake, hataki niendelee kuishi peke yangu. Ana moyo mzuri, amefanana na wewe. Nilimpikia, tukala, tukacheka, kisha nikamwambia aende salama na aje tena Pasaka. Aliniuliza nimebakiwa na nini huku. Nikamwambia sikuachwa peke yangu, niliachwa nyumbani.

Pumzika, baba watoto. Mimi nipo.

Mkeo,
Mama Neema