Kaka, Kibali Kimetoka

Kaka Bakari,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Mkono ungekataa.

Nakuandikia mchana huu nikiwa nimeshafunga begi. Basi la Dar ni kesho alfajiri. Begi nimelifungua na kulifunga mpaka Mama Hamisi akaninyang'anya, akaniambia nikakae nje. Nje nako sikukaa. Nimezunguka nyumba, nimechungulia banda la kuku, nimerudi. Situlii, kaka. Tangu tukuzike sijatulia, na sasa nina sababu: ninao ule ugonjwa wako.

Usishtuke. Wangu wameuwahi.

Wewe ulisema ni uzee. Unakumbuka tulipokuwa tukitoka mpakani Horohoro na sabuni za magendo, miaka ile sabuni madukani hakuna? Tulishuka kando ya barabara kujisaidia. Mimi nikamaliza, nikavuta sigara, nikaizima, wewe bado umesimama. Nikakuuliza kama unamwagilia shamba. Ulicheka mpaka ukaegemea mti. Tulicheka wote wawili, wala hatukujua tunachekea nini. Ulipokuja kukubali kwenda hospitali, mifupa ilikuwa imeshaliwa.

Baada ya arobaini yako nilikwenda Raskazone, kwa yule daktari mtoto wa Mhindi aliyekuwa akituuzia vitambaa vya suruali. Siku hizi ni ruksa daktari kuwa na zahanati yake. Akapima damu, akakata vinyama akavipeleka Dar, majibu yakarudi: saratani ya tezi dume, lakini bado imo ndani ya tezi, haijaanza kutembea. Akanipa njia tatu. Kukatwa, au kupigwa mionzi kwa wiki nyingi, au kusubiri huku napimwa kila mara. Akasema kwangu mimi kisu na mionzi vyote vinafaa, nichague. Nikachagua mionzi hapo hapo. Kisu nilikiogopa, na unajua nilichoogopea. Niliogopa kuamka si mwanamume.

Basi likabaki suala la bima. Kiwanda chetu kimeuzwa, kaka. Zahanati yetu mwekezaji ameifunga, tukapewa vitambulisho vya bima badala yake, na matibabu makubwa hayafanyiki mpaka kibali kitoke. Wakati huo huo wanasema mwisho wa mwezi kuna watu watapunguzwa, na kwa umri wangu sina haja ya kuuliza ni akina nani. Kazi ikiisha, na bima imeisha. Nikakimbilia ofisi ya wakala wa bima na barua ya daktari mfukoni, na kwenye meza nikamkuta Rehema.

Rehema, mkamwana wangu, mke wa Hamisi. Posa ulipeleka wewe mwenyewe. Kumbe pale ofisini yuko peke yake, hakuna barua isiyopita mikononi mwake. Akanyanyuka, akakunja goti, shikamoo baba, una tatizo gani baba. Na mimi, mzee mzima, nikasema macho.

Nimepata miwani, kaka. Na macho yangu ni mazima.

Nikarudi tena, safari hii nimejiapiza. Akakunja goti. Nikasema jino. Jino likang'olewa, na lilikuwa halijanikosea lolote. Ningemwambiaje? Mtu ambaye nikitokeza tu barazani ananyanyuka, ambaye hajaniona bila shati tangu aolewe, nimtajie tezi ya huko? Nilimwomba Mama Hamisi akaseme yeye. Akanijibu kwamba kwa mkamwana haya yake ni kubwa kuliko yangu. Siku zikawa zinakwenda, na mimi nazunguka Nguvumali na barua mfukoni mpaka ikaanza kuchakaa.

Aliyeniokoa ni Maganga. Mtani wetu yule, Mnyamwezi. Siku ya mazishi yako alishuka kaburini kabla yako, akajinyoosha, akasema anajaribu kama shimo lililochimbwa na Wazigua linaweza kumtosha mtu, na hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Sasa aliniona na shavu limevimba, akanibana mpaka nikasema yote. Hakunionea huruma. Alisema, "Mzigua huyu naye atakufa kwa adabu kama kaka yake." Kisha akanikokota mpaka ofisini.

Akamtajia Rehema kila kitu kwa jina lake, bila kupepesa macho. Mtani hana haya, ndiyo kazi yake. Mimi nilikaa kwenye benchi, nimewapa mgongo, natazama kalenda ukutani. Rehema hakucheka. Alisoma barua ya daktari, halafu akaanza kuniuliza kwa kumpitia Maganga. Mimi nasikia kila neno na namjibu Maganga, na yeye anasikia kila neno na anamngoja Maganga. Muulize baba maumivu anayo? Mwambie hapana. Muulize baba amechagua lipi. Mwambie mionzi.

Hapo Rehema akaiweka barua mezani. Kisha akasema, "Mwambie baba mionzi ni ya wiki nyingi, na kazini hana uhakika wa wiki nyingi. Wakimpunguza katikati, bima inakatika na mionzi inakatika. Kisu ni mara moja."

Nikamwambia Maganga amwambie naogopa. Sikusema naogopa nini. Rehema alielewa, maana sauti yake ilishuka. "Mwambie baba wanangu wanataka babu. Wanataka babu tu, hawakuuliza mengine."

Nililia, kaka. Nimewapa mgongo vile vile, na miwani mpya puani. Kisha nikamwambia Maganga amwambie: kisu.

Makao makuu ya bima Dar walikataa kwanza. Walisema kama ugonjwa umewahiwa, basi mgonjwa asubiri. Rehema akawapigia simu asubuhi, akawapigia jioni, akamfuata daktari Raskazone amwandikie barua nyingine. Jana faksi imekuja, nitalazwa wiki hii. Alikileta kibali nyumbani mwenyewe. Akakunja goti, akampa Maganga, Maganga akanipa mimi, na sote watatu tuko kwenye mkeka mmoja.

Nimeinuka tena, nimerudi. Naogopa kisu, kaka, sitakuficha. Sijui nitaamka mtu wa namna gani. Lakini kinachoninyima utulivu zaidi si kisu. Nimekukasirikia. Nilikuosha kwa mikono yangu, nikaona ulivyokwisha, nikajiambia haikuwa na budi. Sasa najua ilikuwa na budi. Maganga huyu huyu alikuwa akila kwako kila Idi, uhai wako wote. Ungemtuma.

Nakuahidi hivi. Nikirudi nitawaita wanao, Salimu na Athumani, niwakalishe, niwatajie kilichomuua baba yao kwa jina lake, kisha niwapeleke Raskazone wakamsikilize daktari. Ulimi ukinigoma, mtani atakuwepo.

Buriani, kaka. Ile nafasi ubavuni mwako waliyosema ni yangu, itunze. Ila usinisubiri.

Mdogo wako,
Jumaa