Lango la Zahanati na Uzi wa Mama

Kambi ya Tano,
S.L.P. 61,
Kericho.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Dorine,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wetu. Joto la Lodwar linakutendeaje? Kile kikohozi kimepona? Huku tu wazima, isipokuwa Mama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Wiki iliyopita Mama alijikata kiganja kwa mkasi wa kuchumia chai. Nilimfunga leso tukakimbilia zahanati. Muuguzi akaniambia, "Nenda duka la dawa, mwanangu, ulete uzi na glavu. Hapa hatuna." Nilikimbia dukani nikavileta.

Kila mwezi Mama hukatwa pesa ya afya kwenye mshahara. Hukatwa ya nyumba pia, na bado tunaishi chumba kimoja cha kampuni. Hata sabuni tunayonunua ina kodi yake. Alipokuwa akishonwa alinitania nisilie: "Karani wa majani ya chai akipunguza uzito wa gunia, mizani naiona. Huyu wa serikali anayekata mshahara anapimia wapi?" Muuguzi alicheka.

Nilipotoka nje nilishtuka zaidi. Zahanati hiyo hiyo inajengewa lango la nguzo nne, lenye vigae na paa. Ua wenyewe ni michongoma yenye mapengo. Ng'ombe wanapita kando ya lango.

Shangazi, litafunguliwa Ijumaa mbele ya wageni wakubwa, na mimi ndiye nitakayekariri shairi la shukrani. Nililitunga kabla Mama hajaumia. Sasa siwezi kuyakariri maneno yale peke yake. Nimeongeza ubeti mmoja kuhusu uzi, usio na tusi lolote, nikampelekea Mwalimu Masese wa shuleni kwetu.

Aliusoma mara mbili. "Cate, unataka nihamishwe?" Kisha akanirudishia karatasi. "Usiukimbize ubeti huu ukikariri. Wageni huwa na haraka ya chakula."

Nilimuuliza Mama kama niuache. Alisema ataketi safu ya mbele, na mkono hataufunika. Mimi naamini wakubwa wengine hawarekebishi mambo kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa.

Msalimie Mjomba Gordon na Phelix. Nyanya anawaombea mvua, nami naomba Mungu akuondolee kikohozi. Ijumaa saa nne, nitakapokariri ubeti ule, popote utakapokuwa, nitaje katika sala.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako anayekupenda,
Cate Owiti