Mgeni Asiyebakisha

Shangazi Mwanate,

Nakuamkia kutoka Dubai, ambako jua la leo lingekuivishia mahamri bila jiko.

Hotelini kwetu kuna mkutano wa watu wa utalii wa Asia. Wanajadili namna ya kukirimu wageni bila kuiharibu dunia, na kila meza ina kibao: chukua unachoweza kumaliza. Kwenye meza ninayoihudumia aliketi mzee wa Kijapani, mwembamba kama ufito. Nikampakulia wali, akaumaliza mpaka punje ya mwisho. Nawe ndiye uliyenifunza kwamba sahani ya mgeni ikiwa tupu, aibu ni ya mwenyeji. Nikamwongezea. Akasema hapana, asante, lakini kwetu nani huiamini hapana ya mgeni? Akainamisha kichwa, akala. Kufikia sahani ya nne akaanza kutokwa na jasho.

Msimamizi wetu, Mfilipino, akanivuta pembeni. "Zuhura, khalas, yatosha. Kwao kubakisha chakula ni kukosa adabu. Utamuua huyu."

Kumbe tulikuwa tunashindana kwa heshima, kila mtu akingoja mwenzake achoke.

Baadaye wakapima mabaki ya kila meza. Yangu haikuwa na kitu. Basi nimepewa cheti cha kutunza mazingira, mbele ya mkutano mzima. Mzee alinipigia makofi kwa moyo wote, ila alipiga akiwa ameketi, maana kusimama hakuweza.

Mungu autunze huo mkono wako wa upawa.

Mwanao,
Zuhura