Sauti ya Taban Kwenye Arobaini

Old Kampala,
9 Juni 1975

Dada yangu Rukiah,

Salaam kwako na watoto. Barua hii anakuletea jirani yetu Concy mkononi; ukishaisoma, ichome. Huku sukari imeadimika, na mwanangu ameota meno mawili.

Arobaini ya kaka yetu Taban tuliifanya Ijumaa ya tarehe 23 Mei, ingawa mwili hatukupewa. Yule kapteni wa jeshi aliyemchukua alikuja na spika nne, na fundi wa kuziendesha alikuwa mume wangu, Zubairi. Baada ya dua wanawake tulishika ngoma ili tuimbe na kuitikiana kama desturi yetu. Spika zikatutangulia. Ilikuwa sauti ya Taban, Dada! Zubairi alikuwa na kanda ya harusi yetu, Taban akimwimbia bwana harusi. Zubairi alilikata jina lake mwenyewe kwenye kanda, akaiga sauti ya Taban akitaja la kapteni, kisha akaunga. Kaka yetu akamsifu aliyemuua, na askari wakatuamuru tuitikie. Tukaitikia. Mama aliitikia kwa machozi ya furaha, kwa kumsikia mwanawe tena. Nilitapika palepale mkekani.

"Ningefanyaje?" Zubairi aliniuliza nyumbani. "Wangeniua."

"Na kuiga vizuri hivyo, pia walikulazimisha?"



Nimehamia kwa Mama. Mwanaume yule ananitia kinyaa, hata nikisikia harufu yake. Lakini kila asubuhi Mama huniomba nimpeleke dukani kwa Zubairi, amsikie mwanawe kwenye kanda ile. Nami humpeleka.

Mdogo wako,
Kaltumi