Sahihi ya Mjomba

Shelui, 12 Februari 1956

Kwa ndugu yangu Ezekieli,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Damari na watoto wote. Kikohozi chako kimepoa? Huku mvua imenyesha, uwele umesimama vizuri, ng'ombe wazima. Mema yanaishia hapo, na yaliyobaki sijui niyaanze vipi.

Fabiano amerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Lori la misheni lilimleta Ijumaa, amelazwa juu ya magunia. Miguu yake haina kazi. Ukimfinya kwenye paja hasikii. Mwalimu aliyemleta akasema alianguka mchezoni. Mchezo gani? Eti mchezo tu, mama, si unawajua vijana! Nikamwuliza mbona mnaniletea mtoto wiki ya tatu baada ya kuanguka, akaenda kukagua matairi ya lori.

Ukweli nimeupata kwa jirani yangu Hana, ambaye mwanawe anasoma hapo hapo. Jumamosi ya kwanza, wapya wa darasa la tano hutandikiwa blanketi uwanjani. Wakubwa hushika pembe, wakamrusha mtoto juu, wakamdaka, wakamrusha tena. Wanaita kupokelewa. Fabiano alirushwa na hakudakwa, akaangukia mgongo. Na walimu wanajua, Ezekieli! Wengine hutoka kibarazani kuja kutazama na kucheka.

Mimi mjane sijui sheria. Wewe unashinda mahakamani ukiandika mashauri ya watu. Niambie, mtu kama mimi anashtaki wapi? Tena mwulize Alphonce. Nilimpeleka Fabiano shule ile kwa sababu mwanao yupo, na ni kiranja mkuu. Hawezi kukosa kujua ni nani walioshika lile blanketi.

Dada yako,
Rahabu

Manyoni, 25 Februari 1956

Dada yangu Rahabu, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, sisi wote wazima, lakini barua yako imetuvunja moyo. Damari ameisoma mara mbili akaenda kulia jikoni. Mpe Fabiano pole yangu.

Usikate tamaa, njia zipo. Unaweza kwenda baraza la mtemi. Baraza linaweza kumtoza mkosaji na ukoo wake ng'ombe wa fidia, ila haliwezi kuigusa misheni wala Mzungu yeyote. Unaweza pia kutafuta wakili Dodoma aidai shule, lakini kesi hiyo itazeesha watu, na wakili halipwi kwa kuku. Mimi ninayoitaka ni mahakama ya Bwana DC, Kiomboi. Kumwumiza mtu ni jinai, na jinai ni kesi ya Serikali yenyewe. Wewe unapeleka malalamiko, polisi wanakamata wahusika, na walimu nao watasimama waseme kwa nini waliacha mambo haya yafanyike machoni pao. Hapo ndipo desturi hii mbaya itakapokoma.

Pata karatasi ya daktari inayosema mgongo umeumia vipi. Pata majina. Wala usitie sahihi karatasi yoyote ya shule, hata wakikuambia ni ya kupokea sanduku la mtoto. Nimeona wengi waliofungwa mdomo na sahihi zao wenyewe.

Alphonce nitamwuliza akija Pasaka. Sitaki kumwandikia, kwa sababu barua za wanafunzi hufunguliwa na walimu.

Nduguyo mdogo,
Ezekieli

Shelui, 20 Machi 1956

Ndugu yangu Ezekieli,

Marahaba. Tunaamka na kulala, ndiyo afya yetu sasa. Nyinyi je?

Karatasi ya daktari ninayo. Daktari amesema uti wa mgongo umevunjika na Fabiano hatatembea tena. Alilisema mbele ya mtoto! Miaka kumi na minne, Ezekieli, na mimi mama yake ndiye ninayemwogesha, naye anafumba macho kwa aibu.

Kwa kuwa Kiomboi ni mbali, nilianzia barazani. Wazee walinisikiliza mpaka mwisho, kisha mzee Andrea akauliza, "Mjomba wa mtoto yuko wapi?" Nikasema yuko Manyoni, kazi ya Serikali. Akasema, "Basi sisi tutazungumza na nani?" Unaijua desturi yetu Wanyiramba: mtoto wa dada ni wa mjomba. Akiumizwa, mjomba ndiye anayedai na ndiye anayepokea. Mimi niliyemzaa nikawa kama mtu aliyepita kuomba maji. Nilikasirika, halafu nikajiambia, afadhali mjomba mwenyewe ni Ezekieli. Wajomba wengine ni kula mahari tu.

Majina sijapata. Fabiano anasema hakuona, alikuwa akitazama juu. Nikimbana anageukia ukutani. Hana naye anasema mwanawe ameogopa kufukuzwa shule. Kwa hiyo namngoja Alphonce. Pasaka imekaribia, usisahau kuniandikia.

Dada yako,
Rahabu

Manyoni, 16 Aprili 1956

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Pasaka ilipita salama.

Nimelifikiri upya jambo la Fabiano. Kesi ya Kiomboi italeta taabu kubwa. Mtoto atabebwa mpaka mahakamani, ataulizwa maswali mbele ya watu, na mwisho washtakiwa watasema ulikuwa mchezo. Nimeona kesi nyingi za namna hii zikifutwa. Ninasikia shule iko tayari kumsaidia mtoto kwa njia ya amani. Wakija, wasikilize. Hao pia ni watoto wa watu.

Alphonce hakuona kitu.

Nduguyo,
Ezekieli

Shelui, 2 Mei 1956

Ndugu yangu Ezekieli,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine. Hivi ni wewe uliyeandika? Februari uliniambia Kiomboi, Kiomboi, Kiomboi. Aprili unaniambia amani. Na uliona kesi gani hizo zikifutwa ambazo Februari hukuwa umeziona? Kama umeumwa kichwa, sema.

Basi wamekuja. Mwalimu Mkuu mwenyewe na mzee wa kanisa, na debe la mafuta ya taa na blanketi jipya. Ndiyo, blanketi! Nililirudisha mikononi mwao. Wana karatasi. Shule itamtengenezea Fabiano kigari cha magurudumu na kumfundisha ushonaji, na sisi tutakubali kwamba ilikuwa ajali, wala hatutadai tena mahali popote.

Sikutukana mtu. Niliwaambia kwa adabu kwamba sahihi ya mtoto huyu siyo yangu, ni ya mjomba wake, nendeni Manyoni mkamwone. Mzee wa kanisa ni Mnyiramba, alielewa mara moja, akamweleza mkubwa wake. Wanakuja kwako kwa treni wiki ijayo. Nilicheka walipoondoka, mara ya kwanza tangu Februari, maana nilijua wanakwenda kugonga mwamba. Wape chai, Ezekieli, halafu wape maneno yao.

Dada yako,
Rahabu

Shelui, 10 Juni 1956

Ezekieli,

Natumaini mko wazima. Sijapata barua yako, na wiki ya sita inaingia.

Jana nilikuwa napura uwele, Fabiano nimemkalisha kwenye mkeka karibu yangu apepete. Nikaanza kumsifu mjomba wake, nikasema labda barua imepotea, maana Ezekieli hawezi kunyamaza hivi. Mtoto akaweka ungo chini. Akasema, "Mama, usimngoje mjomba." Nikauliza kwa nini. Akalia mpaka nikaogopa, kisha akaniambia.

Amesema Alphonce alishika pembe moja, na ndiye aliyekuwa akihesabu. Walimrusha mara tatu kama wengine, wakataka kumshusha, wenzake wakapiga kelele kwamba kiranja anampendelea ndugu yake. Basi akasema, "Mara moja tena, na juu zaidi." Wakamrusha juu zaidi. Pembe ya Alphonce ikamponyoka. Nikamwuliza Fabiano, miezi yote hii ulinyamaza kwa ajili gani? Akasema, "Nikimtaja, utakuwa na ndugu gani?"

Huyo ndiye mtoto ambaye hatatembea. Mimi sina mume, wazazi wetu wamekufa, nina wewe tu, naye alilifikiri hilo akiwa amelala amegeukia ukuta, bila miguu.

Sasa nakuuliza jambo moja. Karatasi yao umeifanya nini?

Rahabu

Manyoni, 24 Juni 1956

Dada yangu, shikamoo. Naandika salamu hii nikijua huenda hutaiitikia.

Nimetia sahihi. Walifika tarehe 9 Mei. Damari aliwapikia chai kama ulivyosema. Nilisoma karatasi yote, nikaielewa kuliko wao walioiandika, nikatia sahihi mahali palipoandikwa mjomba na mlezi.

Alphonce aliniambia siku ya Jumatatu ya Pasaka, tukiwa wawili tunatengeneza uzio wa mbuzi. Aliniambia yote, kama Fabiano alivyokuambia. Alisema kwa miezi miwili hajala akashiba. Nilimpiga, kisha nikakaa naye chini, nikamwambia asimwambie mtu mwingine. Wiki mbili baadaye nikakuandikia barua ile ya amani. Niliogopa, Rahabu. Ana miaka kumi na minane, hakimu hatamwita mtoto. Nimeandika majina ya vijana wengi wanaopelekwa jela, na ninajua wanarudi wakiwa watu gani. Nilisema moyoni, mmoja ameshaharibika, nimwokoe wa pili. Kwa mila zetu Fabiano ndiye mtoto wangu, Alphonce ni wa ukoo wa Damari na wajomba zake. Mila nilikuwa naijua. Sikuweza kuifuata.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Nakupa ninachoweza kukupa, yaani sheria.

Sahihi yangu imeziba njia mbili tu. Huwezi tena kudai fidia barazani, wala wakili hataidai shule kirahisi. Lakini jinai, kama nilivyokuambia zamani, ni kesi ya Serikali. Mimi na Mwalimu Mkuu hatuwezi kuiuza, maana si mali yetu. Karatasi ile haimfungi Bwana DC. Nenda Kiomboi na karatasi ya daktari. Sema neno kushambuliwa, usiseme mchezo. Waeleze na jinsi walimu walivyokuwa wakitazama.

Watakuuliza shahidi. Fabiano peke yake watamwita mtoto, na wanafunzi wengine wataogopa. Nitaje mimi. Alphonce alikiri kwangu kwa hiari yake. Nikiitwa nitakuja, nitashika Biblia, nitasema. Nimemwambia Damari, hazungumzi nami. Nimemwambia Alphonce pia, alipokuja likizo. Akasema, "Baba, bora iishe."

Usiponitaja, hakuna kesi. Uamuzi ni wako, dada, na sitakulaumu kwa lolote.

Nduguyo,
Ezekieli

Kiomboi, 9 Julai 1956

Ezekieli,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu nilikulea, siyo kwa sababu nyingine.

Nimekuchukia. Nimepura uwele wote nikikuchukia, na majirani wamesifu kazi yangu. Kisha nikamsomea Fabiano barua yako bila kuruka neno. Nikamwambia, nikienda, kaka yako atafungwa. Akauliza, "Na Januari wapya watarushwa?" Nikasema nisipokwenda, watarushwa. Akasema, "Nenda, mama." Baadaye aliniita nikiwa mlangoni, akaniomba nikuandikie kwamba hamchukii Alphonce. Nimeandika.

Nimekuja na basi, Hana amebaki na mtoto. Naandika nikiwa kibarazani hapa boma, kwa kalamu niliyoazimwa.

Karani wa hapa ni kijana mpole. Aliniuliza jina la mshtakiwa, nikasema Alphonce. Jina la baba yake? Nikasema Ezekieli, karani, Manyoni. Akaandika. Akauliza shahidi wangu ni nani. Nikasema Ezekieli, karani, Manyoni. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, hilo ulilotaja ni jina la baba wa mshtakiwa." Nikamwambia najua. Akanitazama, kisha akaliandika mara ya pili, polepole. Samansi itakuja huko kwenu, na bila shaka itapita mezani pako. Njoo kama ulivyosema.

Halafu akauliza, "Na mlezi wa mtoto aliyeumizwa?" Mkono wake ulikwisha kuwa kwenye karatasi. Yeye ni Mnyiramba kama sisi, alikuwa anangoja jina la mjomba.

Hapo nilishindwa kusema, Ezekieli. Machozi yalinitoka mbele ya tarishi na watu wote waliokuja kulipa kodi. Nilikuwa tayari kukutaja mara ya tatu, jina lako lilikuwa mdomoni. Nilipoweza kusema, nikamwambia aandike langu.

Mimi,
Rahabu, mama yake Fabiano