Mifereji Kumi na Tisa

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Injinia Erasmus anakuja Alhamisi kupima mto wetu kwa ajili ya umeme. Hatimaye! Mimi katibu wa kamati nimeshuka bondeni kuwaomba wenye bustani wazibe mifereji yao ya kumwagilia siku hiyo. Yote kumi na tisa. Mgeni hupewa kikombe kilichojaa, nani humkaribisha kwa nusu? Kanyange, mwenye maharage mengi kuliko wote, kacheka: haya Mama Wiston, kwa siku moja hayatakufa.

Alhamisi, 11 Septemba
Maji tele! Erasmus kapima mara tatu, kasema kiangazi hiki hajaona mto mnene hivi Ntobeye yote. Nikaangalia pembeni. Kilowati kumi na nane — zahanati, shule na nyumba sitini, mpaka kwetu kilimani, nguzo ya mwisho kabisa.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimenunua pasi ya umeme. Baba Wiston kauliza nitaichomeka kwenye mgomba? Acha acheke.

Jumanne, 16 Septemba
Nimepita bondeni. Mifereji imefunguliwa, maharage yamestawi, na mto chini yake kuku anavuka kwa miguu. Taa sitini kwa maji haya? Mwanamke wewe, umefanya nini!

Ijumaa, 19 Septemba
Jumatatu mtambo unaagizwa kwa hesabu ile. Nimemwendea Mzee Anatoli, mwenyekiti wetu. Shikamoo, marahaba — nikamwaga yote. Kacheka mpaka kakohoa. Kumbe naye aliwaambia wafugaji wa juu wasinyweshe ng'ombe siku ile! Halafu kasema tunyamaze, mtambo ukishafika hakuna wa kuurudisha. Na wakinamama wajifungulie gizani? Njia ya mwongo ni fupi. Nimempigia Erasmus mwenyewe. Kajibu: mama, nakuja kesho, na msinizibie hata mfereji mmoja. Ng'ombe nao wanywe.

Jumamosi, 20 Septemba
Kilowati saba! Erasmus kachora ramani upya kwa penseli. Zahanati, shule, basi. Nyumba hata moja hakuna.

Mkutano wa kijiji uko uani kwetu. Nimewaomba radhi mbele ya wote. Machozi yamenitoka, sikuyaficha. Nilitaka ile nguzo ya mwisho, nikawadanganya nyote.

Ndipo Kanyange akasimama. Kwani maharage yananywa usiku? Mchana maji yetu, jioni mifereji izibwe, asubuhi kila mtu afungue wake, mpaka mvua zije. Erasmus kapiga hesabu pale pale — ile ya kwanza inarudi! Jioni nyumba zote sitini zinawaka. Vigelegele!

Lakini nani ataziba? Kila mtu akiachiwa wake tutategeana, kasema Mzee Anatoli, awe mmoja. Akikosa jioni moja, nyumba zote giza. Kanyange hakuwaza hata kidogo: si Mama Wiston, mbona kuziba anajua! Ua mzima kicheko. Hata Erasmus, mpaka penseli ikamdondoka.

Nimekimbilia ndani, nimesema natafuta miwani. Miwani iko usoni. Kumi na tisa! Kila jioni! Kwa goti langu hili! Na pasi ile pale kabatini, bado imo kwenye boksi lake.

Wananiita. Mzee Anatoli anasema nitoke nijibu, jua linashuka. Baba Wiston kachungulia dirishani, anacheka peke yake. Nimemwambia asinicheze shere, aniambie tu lile jembe dogo kaliweka wapi —