Mama, Wageni wa Leta Wanarudi

Mama yangu ambaye sijui kaburi lako liko wapi,

Jana alikuja kijana wa bureau ya territoire, ofisi ya wilaya, suruali imenyooshwa pasi mpaka inatisha. Alisimama uani akaniambia kuwa Leta, yaani serikali, inaandaa tena sikukuu kubwa ya uhuru hapa Beni. Barabara ya Butembo itatengenezwa, malori yataleta wageni, kila mwenye nyumba atayarishe vyumba. "Mama, fête italeta batu, na batu bataleta feza," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyelivumbua jambo hilo. Maneno hayo uliniambia wewe kabla kijana huyo hajaota meno.

Unaikumbuka ile sikukuu ya kwanza? Leta walifukia mashimo, na malori ya Butembo yakaanza kufika jua likiwa bado halijapanda. Ulipaka chokaa vyumba vyetu vinne vya udongo, ukashona mito kwa magunia ya kahawa. Watu wa Vuhovi walileta maharagwe, na jirani yetu aliuza kasiksi, pombe yake ya ndizi, mpaka akaanza kujiita madame. Mimi nilishinda jikoni nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikinuna ulinicheka: "Biira, bageni hapana kula sura yako."

Lakini hofu ilikuwapo, mama, tusidanganyane. Waasi walikuwa karibu, na kila mtu alijua kuwa sikukuu ile ilifanywa ili tuonekane tumetulia. Watu walicheza ngoma huku sikio likiwa barabarani.

Na wewe ulikuwa na desturi yako uliyorithi kwa bibi: mgeni haondoki peke yake. Ulimbebea mzigo, ukamsindikiza mpaka barabara kuu, mvua inyeshe isinyeshe. Nilikuchokoza kwamba wageni wana macho, njia wanaiona. Uliuweka mzigo kichwani ukatangulia.

Yule mwalimu alifika katikati ya sikukuu. Alitoka mkoa wa mbali, Leta walikuwa wamempeleka kufundisha upande wa Kamango, naye akaja kutazama mpira wa sikukuu kama wengine. Mchana ule alikuwa anakula obundu, ugali wetu wa muhogo, mezani kwetu askari walipoingia. Wageni wote waliacha kutafuna.

"Huyu anatokea njia ya baasi," alisema mkubwa wao. "Nani anamujua hapa?"

"Ni mugeni wangu," ulijibu.

"Mama, nauliza nani anamujua!"

"Leta njo iliita bageni. Mimi nilimupokea. Acha amalize kula."

"Noki! Noki!" wakamharakisha, wakamwinua. Mkono wake ulikuwa bado na obundu.

Nilidhani utapiga kelele. Ulifuta mikono kwenye kikwembe ulichojifunga kiunoni, ukaingia chumbani mwake, ukatoka na mfuko wake begani. Askari mmoja alicheka. "Unaenda wapi, mama?"

"Anatoka kwa nyumba yangu. Mugeni hapana kuenda yeye moja. Nitamusindikiza."

"Mpaka camp?"

"Mpaka kwenye munamupeleka."

Ukanigeukia: "Biira, funika sombe, inzi hizi." Ukapanda lori lao.

Kabla jua halijatua wageni wote walikuwa wamefunga virago. Ngoma zilinyamaza, kasiksi ya jirani ikachacha. Nilikwenda camp nikaambiwa hawajaona mwanamke yeyote wala mwalimu yeyote. Halafu mapigano yakafika mjini, askari wale wakaondoka, nikakosa hata wa kumuuliza.

Nimekukasirikia sana, mama. Mtu ambaye hata jina lake hatukulijua ulimfuata, mimi ukaniachia sufuria. Nimekasirika na nimekukumbuka, yote mawili kwa pamoja, na sijui lipi linaniuma zaidi.

Hata hivyo kijana wa bureau sikumfukuza. Miaka iliyofuata hakuna lori lililosimama hapa, na tulikula majani ya uani kwetu. Najua sikukuu inalisha watu. Ila Leta wanajua kualika tu, kusindikiza hawajui, na hilo nilimwambia usoni. "Byumba biko," nikasema. "Lakini siku askari akitaka mugeni wangu, we njo utakuja mbele yake." Alicheka. Aliponiona sicheki, akavua kofia akasema atakuja. Sijui kama nimwamini. Nimekubali.

Leo asubuhi nimempata wa kwanza, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo aliyetangulia kutafuta mahali pa kuuzia. Alipomaliza chai nilichukua mzigo wake kama ulivyonifundisha, tukatembea tukizungumza bei ya chumvi. Tulipofika mwisho wa ua miguu yangu ilikataa. "Hapa inatosha, mama," aliniambia kwa upole, akaupokea mzigo. Nilibaki nimeshika mlango wa ua, nikimtazama akielekea barabarani peke yake.

Nisamehe. Wewe ulimfuata mgeni hukurudi, na mimi mpaka leo bado nakusubiri hapa mlangoni.

Binti yako,
Biira